Weupe wa Jiwe la Onesmo

Sehemu ya tisa

"Unatafuta hii, Donatus?"

Wiki nzima tumemwacha kijana wa watu ameinama, mkono umo ndani ya mtoto wa meza, jasho linamchuruzika, na sauti hiyo iko mgongoni mwake. Sasa na ageuke.

Aligeuka. Mlangoni alisimama Muhidini bin Seif, mwenye kitalu cha almasi upande wa Isaka, kanzu imenyooshwa, kofia imekaa sawa. Kati ya vidole viwili alishika ukurasa uliochanwa kutoka daftarini. Hata kwa mbali Donatus aliutambua mwandiko wake mwenyewe, ule wa kalamu ya kopi, kalamu ambayo usipoilamba ncha haiandiki vizuri, na ukishailamba inaandika zambarau.

"Mzee Muhidini, shikamoo."

"Marahaba. Nimeuliza, unatafuta hii?"

"Ndiyo, mzee. Nipe, tafadhali. Baraza ni saa tisa."

"Na sasa ni saa saba hata haijagonga. Haraka ya nini?"

Kwa wewe msomaji uliyeazima gazeti la jirani, nakusimulia upesi, maana Onesmo hana muda.

Mwaka ni 1956. Donatus ni mpima rangi katika kiwanda cha mafuta ya mbegu za pamba hapa Shinyanga, kando ya reli. Chombo chake ni sanduku jeusi lenye tundu la kuchungulia. Upande mmoja unatia chupa ya mafuta, upande wa pili unapanga vigae vya kioo, vya njano, vyekundu na vya buluu, kila kimoja na namba yake, mpaka pande zote mbili zifanane. Namba za vigae ndizo namba za rangi. Hakuna ubishi, hakuna "mimi naona hivi".

Wiki tatu zilizopita Muhidini, kwa ruhusa ya meneja, alimletea jiwe apime. Lilichimbwa na Onesmo, mume wa Scolastika, dada yake Donatus. Donatus akapima, akatoa cheti: njano sifuri, jiwe jeupe. Likafungwa ndani ya kopo, kopo likapigwa lakiri, Onesmo akatumwa alipeleke ofisi ya madini. Huko mnunuzi akalisugua kwa spiriti. Kitambaa kikageuka zambarau, na jiwe likabaki njano kama samli.

Mtu alikuwa amelipaka kalamu ya kopi. Zambarau huizima njano, jicho likadanganyika likaona weupe. Jiwe jeupe huuzwa ghali, na mchimbaji hupata fungu la bei. Nani mpakaji? Cheti cha Donatus kinasema jiwe lilikuwa jeupe la kuzaliwa kabla halijaingia koponi. Basi limebadilishwa njiani, na njiani alikuwako Onesmo peke yake. Miaka saba inamngoja.

Ndipo jana Donatus alipokumbuka jambo lililomkosesha chakula. Namba alizozisoma siku ile hazikuwa sifuri. Zilikuwa njano mbili, nyekundu mbili, buluu mbili. Lakini wapima mafuta wana mazoea yao: namba tatu zikilingana, hiyo si rangi, ni kivuli cha chupa chafu. Unazifuta zote tatu, unaandika sifuri, unachukua chupa nyingine. Mkono wake wa miaka sita ulizifuta bila kumuuliza mwenyewe.

Jiwe lina chupa gani? Kivuli kile kilikuwa njano ya jiwe na zambarau ya mpakaji zikizimana humo ndani. Jicho liliona weupe, sanduku liliona giza dogo, na Donatus akalifuta. Maana yake jiwe lilikwisha pakwa kabla ya kopo, kabla Onesmo hajashika njia. Cheti chake ndicho kinachomfunga shemeji yake, na namba za kweli, alizoziandika kabla ya kuzikata kwa mstari, ziko kwenye ukurasa ule wa daftari. Jana hiyo hiyo alimwonyesha Muhidini ukurasa wenyewe, akidhani atafurahi.

Tumefika. Turudi mlangoni.

"Mzee, Onesmo amekuchimbia miaka miwili," alisema Donatus. "Uliposhikwa na homa alikubeba mgongoni mpaka barabarani. Unamfanyia hivi?"

"Simfanyii kitu. Wewe umesoma, nijibu. Kama jiwe lilipakwa kabla ya kopo, lilikuwa mikononi mwa nani?"

Donatus aliukodolea macho ukurasa.

"Mwangu!" Muhidini alijipiga kifua. "Kama si yeye, ni mimi. Na wallahi si mimi, Donatus. Mimi hata sahihi natia kwa dole gumba, kalamu sijaishika tangu nizaliwe. Lakini nani ataniamini? Watasema tajiri ndiye mwenye hila."

"Basi njoo tuwaambie hivyo hivyo. Wewe na mimi."

"Waambie wewe."

Akaukunja ukurasa mara mbili, akautia mdomoni.

Donatus alimrukia. Meza ikaenda upande, chupa mbili zikavunjika, mafuta yakatapakaa sakafuni na wote wawili wakateleza wakaanguka. Alimkaba mzee wa watu taya, akajaribu kumfumbua meno kama mtu anayemnywesha ng'ombe dawa. Muhidini alitafuna. Macho yalimtoka, mishipa ikamsimama, naye anatafuna tu. Kisha koo likapanda, likashuka.

"Haina chumvi," alisema Muhidini, akanyanyuka, akajifuta mafuta kwenye kanzu, akaenda zake.

Donatus alibaki amekaa katika mafuta yale. Alilia, na sioni sababu ya kumfichia. Alilia kwa kwikwi mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kisha akalikumbatia sanduku lake, akatoka nalo mbio kuelekea boma.

Alimkuta dada yake barazani kwa boma, ameketi chini na bakuli la michembe ya karanga, viazi vitamu vilivyokaushwa, alilomletea mumewe. Scolastika alikuwa mkubwa kuliko Donatus kwa miaka minane, na ndiye aliyemlea. Alifanya kazi kwenye ghala la pamba, akiandika alama za marobota, na kalamu yake aliichomeka daima ndani ya kilemba, hata kanisani.

"Dada, ameila!"

"Nani? Amekula nini?"

"Muhidini. Ameila karatasi yangu. Ameitafuna kama mbuzi mbele ya macho yangu."

Aliyasimulia yote kwa pumzi moja, namba, kivuli, jiwe lililopakwa kabla ya kopo. Scolastika alisikiliza bila kupepesa.

"Basi Mungu ameamua," alisema upesi. "Acha, Dona."

"Niache? Mumeo anafungwa! Garimoshi la Tabora ni jioni hii, na pingu ziko tayari."

"Utapoteza kazi. Mpima aliyekosea nani atamwacha apime tena?"

"Ipotee!"

Scolastika alitazama chini. "Na ukiwaambia lilipakwa kabla, si watamtafuta aliyelipaka?"

"Wamtafute. Mimi mwenyewe nitawashikia taa."

"Akipatikana?"

"Afungwe mpaka aote mvi humo ndani. Mtu gani huyo, amtie mwenzake shimoni na yeye anakula, analala?"

Bakuli lilimponyoka Scolastika. Michembe ilitawanyika vumbini.

"Mayo, mama yangu!" alisema kwa sauti ndogo, akapiga magoti akaanza kuiokota, moja moja, akiipuliza mchanga. Donatus alimsaidia. Aliona mikono ya dada yake inatetemeka, akadhani ni njaa na majonzi ya wiki tatu. Mwenye haraka haoni hata kilichomgusa pua.

"Onesmo amesema nini leo?" aliuliza.

"Hasemi. Nimemwona asubuhi, ameninyamazia. Wiki tatu, Dona. Anawanyamazia polisi, anamnyamazia padri, ananinyamazia mimi."

"Mtu asiye na kosa hupiga kelele. Kwa nini yeye anyamaze?"

Scolastika aliinuka na bakuli lake. Askari alikuwa amefungua mlango.

Baraza lilijaa. Wachimbaji walikuja na udongo miguuni, wengine wametoka mpaka Nyarugusu, maana Onesmo alichimba dhahabu huko Geita kabla hajafuata almasi, na walimpenda. Yeye alisimama mbele, peku, amekonda, pingu zimemlegea mkononi. Alimwona Donatus na sanduku, akatikisa kichwa taratibu. Donatus akamwinamia kama kusema, usihofu, nimekuja.

Bwana Shauri, afisa wa serikali aliyeamua kesi za wilaya, alikuwa mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili cha kitabuni na hakupenda kupotezewa wakati. Mezani kwake lilikuwapo jiwe juu ya karatasi nyeupe, njano yake wazi, na pembeni cheti cha Donatus.

"Wewe ndiwe uliyeandika hapa, njano sifuri?"

"Ni mimi, bwana. Na nimekosea."

Watu wakaguna. Donatus akasema yote. Alipofika kwenye namba tatu zilizolingana, Bwana Shauri aliinua mkono.

"Namba hizo ziko wapi?"

"Ziliandikwa kwenye daftari, bwana."

"Lete daftari."

"Ukurasa umechanwa."

"Na uko wapi ukurasa?"

"Tumboni mwa Mzee Muhidini."

Baraza zima likaangua kicheko. Hata askari alicheka. Hakucheka Scolastika, wala Onesmo.

Muhidini alisimama kwa heshima. Na hapo moyo wa Donatus ukazama. Mzee alikuwa anatafuna tambuu. Midomo myekundu, meno mekundu, ulimi kama damu. Alikuwa amefikiri! Donatus njia nzima alikuwa akijipa moyo kwamba karatasi ile ya kalamu ya kopi haiwezi kupita kinywani bila kuacha alama. Sasa alama iko wapi?

"Bwana, huyu ni shemeji wa mshitakiwa," alisema Muhidini. "Damu nzito kuliko maji. Kwanza aliandika jeupe, leo anasema halikuwa jeupe. Kesho atasema lilikuwa yai."

Wakacheka tena.

"Ni kweli," alisema Bwana Shauri. "Shahidi asiye na karatasi, na tena ni ndugu. Siwezi kuandika jambo hili. Kaa chini."

"Bwana, nakuomba..."

"Kaa chini!"

Donatus hakukaa. Nje, upande wa stesheni, kengele ya kwanza ya garimoshi ililia, na Onesmo akafumba macho.

Bwana Shauri alichovya kalamu katika wino aandike hukumu. Kisha akakunja uso, akamtazama Muhidini.

"Unatafuna nini katika baraza langu?"

"Tambuu, bwana. Kidogo tu, kwa ajili ya jino."

"Tema. Askari, mpe maji asukutue. Hapa si sokoni."

"Bwana, jino langu..."

"Tema!"

Muhidini alitema. Akapewa kikombe, akasukutua mara moja, akataka kukirudisha.

"Tena," alisema Donatus kwa sauti iliyomtoka bila ruhusa. "Asukutue tena, bwana. Kisha mwambie atoe ulimi."

"Ulimi?"

"Karatasi ile iliandikwa kwa kalamu ya kopi. Ikilowa inatoa zambarau, na zambarau yake haitoki kwa maji. Mzee huyu hajui kuandika, sahihi yake ni dole gumba, mji mzima unajua. Kama ulimi wake una zambarau, ameipata wapi?"

Kicheko hakikusikika tena. Muhidini alisukutua mara ya pili, maji yakamwagikia kanzu. Akafumba kinywa.

"Fumbua," alisema Bwana Shauri.

Alifumbua. Wekundu ulikuwa umeondoka. Ulimi wake, toka ncha hadi ndani, ulikuwa zambarau.

Baraza lililipuka. Wachimbaji walisimama juu ya mabenchi. "Ameila! Kweli ameila!" Mmoja wao, Ignas, mtu wa Nyarugusu, alipiga vigelegele kama mwanamke. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu Donatus aliiona nyumba ya dada yake ina baba.

"Nimeila!" alipaza sauti Muhidini, na sasa alikuwa analia yeye. "Nimeila, bwana, nifunge kwa hilo. Niliogopa nitabambikiwa. Lakini sikulipaka! Nitalipakaje, nami sijui hata kushika kalamu? Onesmo alilipata jiwe Jumamosi. Mimi nilikuwa Tabora, nikarudi Jumatatu ndipo akanikabidhi. Siku mbili lililala kwake. Muulizeni lililala wapi!"

"Nitauliza," alisema Bwana Shauri. Alimgeukia Donatus, na macho yake sasa yalikuwa na heshima. "Lakini kwanza, nataka nione. Unasema jicho linadanganyika na sanduku halidanganyiki. Jiwe hili limesafishwa. Lipime."

Donatus alilitia jiwe sandukuni, karibu na dirisha. Akachungulia, akapanga vigae. "Njano mbili, bwana. Nyekundu hakuna. Buluu hakuna."

Bwana Shauri alichungulia mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa ulipake mbele yangu kama lilivyopakwa. Likiwa jeupe kwa jicho langu, na sanduku likatoa mbili, mbili na mbili, nitaamini lilipakwa kabla ya kopo, na mtu huyu hakulibadili njiani. Pingu zitafunguliwa."

Watu wakashangilia. Bwana Shauri akapekua meza yake, karani naye akapekua yake. Palikuwa na wino tu.

"Nani ana kalamu ya kopi?"

Donatus alicheka kwa furaha. Si alikuwa nayo karibu tu? "Dada! Nipe yako!"

Scolastika hakusogea.

"Dada, kalamu. Iko kilembani, upande wa kulia. Haraka, garimoshi linakuja!"

Watu wote walimgeukia. Mwanamke alikuwa amekuwa mweupe midomo, kama aliyemwagiwa unga. Alimtazama mumewe, kisha ndugu yake. Mtu anaombwa kalamu ya kumwokoa mumewe, atasema hana, na inaonekana? Mkono ukapanda polepole kilembani. Ukaitoa kalamu. Na kwa mazoea ya miaka tisa ya marobota, mazoea yasiyomuuliza mtu ruhusa, ukaipeleka kinywani kwanza. Akailamba ncha, ndipo akampa.

Donatus aliipokea akiwa bado anatabasamu. Akaishusha juu ya jiwe.

Hapo ndipo alipoiona ncha. Ya kuandikia marobota huwa butu, nene, ya kukwaruza gunia. Hii ilikuwa imechongwa ikawa nyembamba kama sindano, ya kuingia katika vijishimo vya jiwe dogo.

Akakumbuka mlo mmoja wa jioni, miezi iliyopita, alivyokuwa akijigamba mbele ya dada yake kuhusu wafanyabiashara wanaotia rangi ya zambarau katika mafuta ili njano isionekane. "Ukiizima kwa zambarau," alisema siku ile, kinywa kimejaa ugali, "hata mnunuzi mwerevu ananaswa." Scolastika alikuwa amecheka, akauliza, "Hata kwa vitu vingine?" Naye, kwa ujuaji wake, akamjibu kwamba ndiyo, hata kwa jiwe.

Siku mbili jiwe lililala wapi? Liliviringwa katika pindo la nani?

Donatus aliisimamisha kalamu juu ya jiwe. Akipaka, Onesmo yuko huru, na kila mtu humu ndani atauliza kalamu hii ni ya nani. Asipopaka, pingu zinapanda garimoshi.

"Paka," alisema Bwana Shauri. "Unangoja nini?"

Ndipo Onesmo, aliyewanyamazia polisi, padri na mke kwa wiki tatu, alipofungua kinywa. Sauti ilikwaruza kama mlango uliofungwa masika yote.

"Shemeji, rudisha kalamu ya watu. Jiwe nililipaka mimi."

Wachimbaji walipiga ukelele, askari walimrukia, Muhidini alianguka kifudifudi akimshukuru Mungu. Macho yote yalikuwa kwa Onesmo, isipokuwa ya mtu mmoja. Bwana Shauri alikuwa ameweka kalamu yake ya wino chini, na alikuwa akiutazama mdomo wa Scolastika.

"Mama," alisema polepole, "hebu nawe toa ulimi."